Ini Limeota Tena

Lusangi, tarehe 9 Mei 1955

Kwa Yaya yangu mpendwa Anastasie, dada yangu mkubwa, kule Nyangwe,

Nakusalimu sana, tena sana, wewe na shemeji yangu Antoine na watoto wote wa nyumba yako. Barua hii ikukute umeketi, umekwisha kula, na mgongo uliokusumbua wakati wa kuvuna mpunga umetulia. Je, mto umeshajaa? Shemeji bado anatega samaki mwenyewe, ao amewaachia vijana? Sisi huku Lusangi tuko. Mvua ilituchelewesha kupanda karanga, lakini mihogo imekubali. Mama anatembea mwenyewe mpaka shambani na kurudi. Sidonie mke wangu ndiye anayekukabidhi barua hii, kwa hiyo salamu zake atakupa kwa mdomo. Mpe maji, na mahali pa kunyoosha miguu, maana amekuja kwa mguu toka hapa mpaka kwako.

Yaya, barua yako nimeipata na nimeisoma mara nyingi. Umenigombeza. Umesema kila mtu huko amesikia namna nilivyoinuka na kuondoka kwenye karamu ambayo Mama alimfanyia kaka yetu Hippolyte, karamu ya kumshukuru Mungu kwa kumrudisha toka hospitali. Umesema ndugu yetu amefufuka kaburini na mimi, badala ya kufurahi, nimeingiwa na wivu. Mwishoni ukaniomba nikujibu ukweli, bila kuficha kitu.

Nakujibu sasa. Ila nakuomba jambo moja: usiruke mbele kutafuta neno la mwisho. Hippolyte ulimbeba mgongoni wakati Mama alikuwa mgonjwa, ulimtafunia chakula, ulimfundisha kutembea. Nikikuambia neno la mwisho kwanza, utaitupa karatasi hii motoni. Acha nikupeleke polepole, jinsi mambo yalivyokuja.

Unajua kwamba Hippolyte alianza kuugua kule kwenye mgodi wa dhahabu, upande wa Salamabila. Kivimbe kilitokea chini ya mbavu za kuume, akakonda, macho yakawa ya manjano. Kampuni ikampeleka kwenye hospitali yake, ile ya juu ya kilima. Pale kuna munganga mzungu ambaye watu wamempa jina la Mupole, kwa sababu hapandishi sauti. Kabla ya kumgusa mgonjwa anasugua mikono yake kwanza ipate joto. Huyo alimpasua Hippolyte na kumtoa kile kivimbe pamoja na kipande kikubwa cha ini. Hilo silikatai, Yaya. Kaka alikuwa mgonjwa kweli, na bila kisu kile angekufa.

Mimi na Sidonie tulikwenda kumwona, tukamkuta amenona. Alikuwa akipewa nyama kila siku, maziwa, mayai, hata maini ya ng'ombe. Mupole alikuja kitandani akatueleza, na mwuguzi mmoja anayeitwa Michel akatafsiri. Alisema kwamba katika mwili wa mtu ini ndilo linaloweza kukatwa likarudi. Michel akatupa mfano wake mwenyewe, kwamba ni kama sombe, majani ya muhogo: unachuma leo, kesho kutwa yamechipuka tena. Tulishangaa sana. Tulimpa munganga jogoo tuliyekuja naye, akampokea kwa mikono miwili, na Sidonie alipiga magoti.

Kidonda kilipokauka, Hippolyte akafikiri anarudi nyumbani. Hakurudi. Mupole alimpasua mara ya pili. Alimwambia anataka kuhakikisha kwamba hakuna mzizi wa ugonjwa uliobaki. Hilo nalijua kwa sababu Hippolyte mwenyewe alinisimulia baadaye: alipoamka alilia kwa maumivu, na munganga alikuwa amesimama pale anatabasamu, anamwambia kwamba ini limeota vizuri, limejaa kabisa.

Ilipita muda, kisha dereva wa lori la kampuni akasimama hapa kwetu na ujumbe. Hippolyte ananiita. Anahitaji mtu wake wa kumwangalia pale hospitalini, mtu wa tumbo moja, nibebe mkeka na nguo. Mpunga ulikuwa bado shambani. Sidonie alikuwa na mimba changa ambayo tulikuwa hatujamwambia mtu, hata Mama. Sidonie alisema nisiende. Nikamjibu kwamba kaka akiita hatuulizani.

Nilipofika, nilikaa na Hippolyte kwa amani, namsafishia nguo, tunaongea habari za nyumbani. Kisha Mupole akasema, kwa vile niko pale, afadhali na mimi aniangalie. Alinilaza, akasugua mikono yake, akabonyeza kwa nguvu chini ya mbavu za kuume. Michel akauliza kama inauma. Nikasema inauma kidogo. Mupole akamtazama Hippolyte, na Hippolyte akainamisha kichwa. Ndipo Michel akatafsiri kwamba na mimi nina ugonjwa uleule, bado mdogo, unatembea katika damu ya ukoo wetu, na nikingoja utakuwa mkubwa kuliko wa kaka.

Yaya, Hippolyte alilia. Alishuka kitandani na kidonda chake, akashika miguu yangu.

“Mdogo wangu, kubali,” akaniambia. “Miye nilichelewa. Weye usichelewe.”

Nilikubali. Nani angekataa, ndugu yake akilia vile? Wakaniwekea kitambaa puani chenye dawa ya harufu kali, nikaona taa inakwenda mbali.

Nilipoamka walikuwa wameniweka chumba kingine, cha pembeni, kinachopakana na cha Hippolyte. Ukuta wa katikati haukufika juu, kwa hiyo tuliweza kusikiana. Na harufu ilipita. Chakula changu kilikuwa bugali ya muhogo na maji. Hakuna sombe, hakuna mawese, hakuna samaki, hata chumvi walinipimia. Masera Marie-Louise, yule mzungu wa kanisa anayesaidia wagonjwa, alikuwa akipita mlangoni kwangu na sahani ya nyama, na mvuke wake, akaingia kwa Hippolyte. Hakunitazama usoni hata mara moja. Nilisikia kijiko. Nilisikia kaka anatafuna.

Siku moja nilishindwa, nikaita juu ya ukuta: “Kaka, nipatie hata mfupa nifyonze.”

Akajibu: “Munganga amekataza. Nyama itakuua. Vumilia, mdogo wangu, ni dawa yako hiyo.”

Na mimi nilimshukuru. Nilimwambia asante, kaka, kwa kunilindia uzima wangu.

Sidonie alisikia kwamba nimepasuliwa, akaja kwa mguu na kikapu cha samaki wakavu. Mlinzi alimzuia langoni. Alimwambia kwamba mgonjwa huyu haruhusiwi kitu cha nje, ila anaweza kuacha kikapu. Akakiacha, na samaki wale sikuwaona. Sidonie alizunguka uzio wa hospitali akiniita kwa jina, upande huu, kisha upande ule. Nilimsikia vizuri kabisa. Nilifungua mdomo nimwitikie, lakini sauti haikutoka, nilikuwa sina nguvu ya kupiga kelele. Akaita mpaka akachoka. Alirudi nyumbani na mvua yote, analala barabarani kwa watu asiowajua, na kabla ya kufika Lusangi ile mimba ikatoka. Ilikuwa mimba yetu ya kwanza. Mama hakuambiwa. Wewe unaisikia leo.

Kisha Mupole akanipasua mara ya pili. Waliniambia wanasafisha kidonda. Nilipoamka niliona mkono wangu juu ya shuka, nikafikiri ni mkono wa mtu mwingine. Mapaja yangu yalikuwa yamekwisha. Walipotaka kunigeuza, masera alinigeuza peke yake, kama unavyogeuza mtoto.

Baada ya hapo wakaja wageni, waganga wazungu waliotoka mbali, na Mupole akawaleta chumbani kwangu. Akamwita na Hippolyte, akamsimamisha kando ya kitanda changu bila shati. Wakatutazama sote wawili. Mupole alianza kueleza kwa Kifaransa. Wewe unakumbuka kwamba mapadri walinifundisha Kifaransa mpaka mwaka wa sita. Sijui kama Mupole alikumbuka. Nafikiri hakujali, kama vile wewe usivyojali kusema mbele ya mbuzi.

Alininyooshea mimi kidole akasema neno ambalo nilisikia “saint”, mtakatifu. Nakuapia, Yaya, moyo wangu ulifurahi. Nilifikiri ananisifu mbele ya wageni kwa uvumilivu wangu. Kisha akaendelea, na ndipo nikafahamu kwamba neno lake lilikuwa lile jingine linalotamkwa sawasawa, “sain”, mtu mzima, mtu asiye na ugonjwa.

Alisema hivi. Huyu mkubwa alikuwa mgonjwa, nilimkata, nikamlisha vizuri, ini likarudi. Huyu mdogo ni mzima kabisa, ini lake lilikuwa safi, hakuna hata alama. Nilimtoa kipande kama cha mkubwa wake na nikamnyima chakula cha maana. Ni watu wa tumbo moja, kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba tofauti inatoka katika damu. Na tazameni, ini limerudi hata kwa huyu. Limerudi polepole zaidi, lakini limerudi. Lilikosa nyama ya sahani, likachukua nyama ya mwili wake. Akaninyanyua mguu kwa vidole viwili kuwaonyesha paja.

Mgeni mmoja akauliza, jinsi gani alimpata mtu asiye mgonjwa akakubali kukatwa. Mupole akacheka, kwa upole wake uleule. Alijibu kwamba alikuwa ametaka kumpasua huyu mkubwa mara ya tatu, safari hii kwa njaa, apate kulinganisha. Mkubwa akalia, kisha akasema kwamba ana mdogo wake kijijini, mwenye nguvu, na kwamba yeye mwenyewe atamwita na kumshawishi. “Kwa hiyo,” akasema Mupole, “sikumtafuta. Nililetewa.”

Hippolyte alikuwa amesimama pale. Hajui Kifaransa. Alikuwa anatabasamu kwa sababu wazungu walikuwa wanatabasamu. Mgeni mmoja alinipa sigara, akaiweka juu ya kifua changu. Wakatoka.

Sikumwuliza siku ile. Nilingoja mpaka niweze kukaa. Baadaye Mupole, kwa kuwa kazi yake kwangu ilikuwa imekwisha, akaamuru nipewe chakula, nami nikaanza kutembea kwa kushika ukuta. Nikamkuta Hippolyte nje juani, kwenye kiti kirefu, anamenya yai.

Nikamwambia: “Kaka, miye nilikuwa na ugonjwa?”

“Nani amekuambia nini?”

“Munganga. Mbele yako. Weye ulikuwa unacheka.”

Aliendelea kumenya. Alisema polepole kwamba mapadri walikosea kunifundisha lugha ya watu. Kisha akasema: “Zéphirin, weye hujui. Mara ya kwanza unaenda kwa sababu unataka kupona. Mara ya pili unaenda kwa sababu umekwisha kulala pale, utakimbilia wapi? Mara ya tatu, hapana. Niliona kisu katika usingizi na katika kuamka. Nikasema niko na mdogo.”

“Kwa nini miye?”

“Miye niko na watoto wane. Weye haukuwa na mutoto.”

Nikamweleza habari ya Sidonie, na mimba, na barabara, na mvua. Mkono wake ulisimama na lile yai. Nilifikiri sasa atalia, na kama angelia, Yaya, labda ningeketi kando yake. Alisema: “Mutapata ingine.”

Halafu akanifungua vifungo vya shati, taratibu, kama mtu anayetaka kunisaidia. Akatazama kovu langu lililofunga, akaweka kiganja chake juu yake.

“Na tena limeota, siyo?” akaniuliza. “Basi nimekuondolea nini? Nionyeshe kitu chenye kupunguka.”

Nikafunga vifungo vyangu. Yeye akala yai lake.

Nilirudi Lusangi kwa lori, na Hippolyte akarudi nyuma yangu. Sikuweza kuinua jembe, na mpaka leo Sidonie ndiye analima. Nilikwenda kwa padri, nikamweleza yote. Akasema munganga yule ameokoa watu wengi, ini langu limerudi, niombee adui zangu. Nikamweleza Mama. Mama alisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta mchele. Akaniambia: “Nilizaa wanaume wawili. Mumeenda wawili, mumerudi wawili. Unataka nifanye nini, nichinje mumoja?” Akanikataza kutamka jambo hilo tena nyumbani mwake.

Ndipo ikafanywa ile karamu. Mama alituketisha mimi na Hippolyte mkeka mmoja. Hippolyte akasimama mbele ya watu wote akasimulia jinsi alivyougua, jinsi alivyopona, na jinsi alivyoona kwa macho yake ugonjwa uleule unaniingia mimi mdogo wake, akaniita mbio, akanibembeleza kwa machozi, mpaka nikakubali kutibiwa mapema. Alisema bila yeye leo wangekuwa wananililia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akanigusa bega ili nimshukuru. Hapo ndipo nilipoinuka. Huo ndio wivu uliosimuliwa.

Sasa, Yaya, nimefika kwenye neno lenyewe. Ndilo limenifanya niandike barua hii haraka na kumtuma mke wangu kwa mguu, maana mimi siwezi mwendo huo.

Hippolyte harudi tena mgodini. Mupole amempa kazi: anapita vijijini akiita wagonjwa, amevaa kaki na viatu, na watu wanamfuata kwa sababu yeye mwenyewe ni ushahidi. Wiki iliyopita alifika hapa, akaketi na Mama barazani. Mimi nilikuwa shambani nimeketi tu kufukuza ndege. Sidonie alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga, akaacha mchi akasikiliza. Alisikia Hippolyte akisema kwamba munganga sasa anataka kujua kama ini la mwanamke linaota sawa na la mwanaume. Anataka mwanamke wa tumbo moja na sisi, apate kutulinganisha watatu. Hippolyte akasema: “Anastasie iko na nguvu, amezaa vizuri, hajaugua. Akikataa, munganga atanirudia miye.”

Mama akauliza: “Kwenu wawili, limeota kweli?”

“Limeota, Mama.”

Sidonie anasema Mama akajibu: “Basi umwendee polepole. Usimwogopeshe.” Akaingia ndani ya banda, akamfungia kuku mweusi wa kukuletea, ili usije ukashangaa kwamba amefika mikono mitupu.

Lori la kampuni limeharibikia Kasongo, na Hippolyte anangoja litengenezwe ndipo aje kwako. Ndiyo nafasi tuliyo nayo. Atakapofika, atakukumbatia. Atakuambia umekonda. Atasema ugonjwa uko katika damu yetu, umempata yeye, umenipata mimi. Atakubonyeza chini ya mbavu za kuume, na itauma, Yaya, kwa sababu kila mtu akibonyezwa pale kwa nguvu inauma. Mwambie haiumi. Kisha atalia. Machozi yale si ya uongo, usidanganyike hapo. Alilia kweli kwangu, alilia kweli mbele ya munganga, na atalia kweli kwako, akishika miguu yako. Wewe toa miguu yako mikononi mwake. Mwonyeshe shemeji Antoine barua hii, umwambie asikuache peke yako na Hippolyte, hata mchana, hata mbele ya nyumba.

Nimemaliza. Nisamehe kwamba nimemtaja Mama namna hii. Naendelea kula chakula chake na kumchotea maji ninapoweza.

Msalimie Antoine, umwambie shemeji yake anamtegemea. Wasalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akuweke. Sidonie atalala kwako mpaka miguu itulie, kisha umrudishe na majibu. Nakuomba uandike kwa mkono wako mwenyewe. Barua ikija imeandikwa na mtu mwingine, sitaifungua.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Zéphirin